Mtoto wa homa ya uti wa mgongo: namna ya kumhesabia alama na nini cha kufanya nazo

Naandika hii kwa wenzangu, maafisa tabibu, manesi na madokta wapya mnaopangiwa vituo vya huku ziwani, Ukerewe, Ukara, Kome, Buchosa, mpaka nyie wa wodi za watoto hapa mjini Mwanza. Malaria ikipamba moto tunapokea watoto wa homa na degedege kila siku, na katikati yao kuna wale ambao sio malaria tu, bakteria wameshaingia kwenye utando wa ubongo, na kila usiku swali ni lile lile, kati ya hawa watoto kumi yupi ambaye hali itambadilikia kabla hakujakucha? Alama za hali ya mtoto zinasaidia kujibu hilo swali. Ila nimeona zikitumika vibaya mno, mtoto anaandikiwa namba ya chini halafu watu wanamzunguka kimya kimya kama wameshamuaga, na mimi mwenyewe nimewahi kufanya hivo. Ndo maana naandika kirefu kidogo, mnivumilie.

Hatua ya 1. Okoa kwanza, hesabu baadaye

Mtoto akifika hajitambui au anatetemeka usianze na chati. Mlaze ubavu, safisha mdomo, mpe oksijeni kama ipo, kamata mshipa. Kama degedege bado linaendelea mpe diazepamu, ya njia ya haja kubwa ni miligramu 0.5 kwa kila kilo. Halafu pima sukari, na hapa naomba usiseme "nitapima baadaye", tone moja tu la damu kwenye glukomita. Ikiwa chini ya milimoli 2.5 kwa lita (au chini ya 3 kwa mtoto mwenye utapiamlo) mpe glukosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kilo. Kituoni mara nyingi unakuta ile ya asilimia 50 tu, kwahiyo unachanganya sehemu moja ya glukosi na sehemu nne za maji ya sindano. Mtoto wa kilo 12 anahitaji mililita 60, basi vuta 12 za glukosi na 48 za maji, imeisha, mpe polepole kwenye mshipa.

Kwa nini nasisitiza hivi. Miaka ya nyuma nikiwa kituo kimoja cha kando ya ziwa, aliletwa binti wa kama miaka miwili, usiku, degedege limemshika ndani ya mtumbwi, bibi yake amemfunga kanga mgongoni huku mwingine anapiga kasia. Nikampa diazepamu degedege likakata, hapo hapo nikampigia alama za fahamu (zile za Blantyre, nazieleza Hatua ya 2), nikapata 1 kati ya 5. Nikamwambia bibi, "Shikamoo bibi, hali ya mjukuu wako ni mbaya sana, ubongo umeshaathirika, tumuombe Mungu." Bibi akanyamaza, akaniangalia, akaanza kukunja kanga yake, nikaelewa anataka kumchukua mjukuu warudi nyumbani akafie kwao. Nesi wa zamu ndo akaniuliza, "Dokta, sukari imesoma ngapi?" Sikuwa nimepima. Ilisoma 1.4. Tukampa glukosi, tukaanza antibiotiki ya seftriaksoni, na alfajiri yule mtoto alikuwa anamfuata bibi yake kwa macho kila anapohama upande wa kitanda. Ile 1 niliyoiandika haikuwa ya ubongo wake, ilikuwa ya sukari na ya diazepamu yangu, na kidogo imtoe mtoto hospitali.

Kwahiyo alama ya kwanza ya kuaminika ni ile unayoipata baada ya sukari kurekebishwa na baada ya mtoto kupumzika kutoka kwenye degedege na dawa yake, ipe kama saa moja hivi urudie tena. Ile ya mwanzo iandike pia, ila pembeni andika "baada ya diazepamu" au "kabla ya glukosi" ili anayesoma asidanganyike.

Na dozi ya kwanza ya seftriaksoni haisubiri alama, haisubiri maabara, haisubiri boti. Miligramu 100 kwa kilo mara moja kwa siku, mshipa ukigoma choma msuli. Kipimo cha haraka cha malaria kikisoma chanya kwa mtoto asiyejitambua tibu vyote viwili, artesuneti ya malaria na seftriaksoni ya bakteria, manake huku kwetu mtoto anaweza kuwa na vimelea vya malaria kwenye damu na bado kinachomuua kikawa ni bakteria wa kichwani. Kosa hilo ni kubwa na linafanyika kila siku.

Hatua ya 2. Skeli ya Blantyre, ijue kwa mikono yako

Hii ndo ya kwetu hasa, ilitengenezwa Malawi, Blantyre, na kina Molyneux na Taylor, ikachapishwa 1989 kwa ajili ya watoto wenye malaria ya kichwa. Walirekebisha ile ya Glasgow manake ile inataka mtu aongee, na mtoto wa mwaka mmoja ataongea nini? Inaanzia 0 mpaka 5 na ina vitu vitatu tu.

Macho. Muite mama asogee, ainamishe uso wake juu ya uso wa mtoto, halafu ahame taratibu kushoto na kulia akiita jina. Macho yakimfuata ni 1, yakitazama dari tu au yakizunguka ovyo ni 0. Tumia uso wa mama, usitumie tochi wala kalamu yako, mtoto mgonjwa hana haja na kalamu yako. Nimeona mtoto kamkataa dokta kabisa, mama alivyosema "mwanangu, mimi hapa" macho yakageuka.

Mkono. Sugua mfupa wa kifua kwa vifundo vya vidole vyako. Mtoto akileta mkono pale pale panapouma akitaka kukutoa, hiyo ni 2. Asipoleta, chukua penseli ilale juu ya ukucha wa dole gumba, bonyeza kwa nguvu, akivuta mkono ni 1. Akikaa kimya, au akijinyoosha mwili wote ukakakamaa, ni 0. Bonyeza kweli, usimwonee huruma ya nusu nusu, manake ukibonyeza kama unapapasa utampa mtoto 0 ambayo sio yake. Muelezee mama kabla, "mama nitamuumiza kidogo nione kama anasikia", la sivyo atadhani unamtesa.

Sauti. Akilia kilio cha kawaida cha mtoto aliyeumizwa, au akiongea, ni 2. Akiguna au kulia kile kilio chembamba kisicho na maana ni 1. Kimya ni 0.

Jumla 5 ni mzima wa fahamu. Chini ya 4 sio kawaida, na 2 kushuka chini ni koma. Angalizo moja, watoto wachanga wa miezi ya mwanzo hawajui kupeleka mkono panapouma na wengine bado hawafuati uso, kwahiyo usimpigie mtoto wa wiki tatu Blantyre ukaandika 3 ukaogopa. Kwake angalia kama ananyonya, kama utosi umevimba, kama analegea, kama anapumua kwa kusahau sahau.

Kwa mtoto mkubwa anayeongea vizuri tumia Glasgow, ya tangu 1974, macho 4, maneno 5, mwili 6, chini kabisa ni 3 na juu 15, na 8 kushuka ni koma. Sitaichambua, mmefundishwa wote chuoni.

Hatua ya 3. Usiandike jumla peke yake

Kwenye faili andika macho 1, mkono 1, sauti 1, jumla 3. Sio "BCS 3" (kifupi cha Kiingereza cha skeli ya Blantyre) halafu umeondoka. Mtoto mwenye 3 kwa sababu hafuati kwa macho lakini anapeleka mkono na anaguna, na mtoto mwenye 3 anayefuata kwa macho, anavuta mkono tu na anaguna, ni watoto wawili tofauti, na yule wa zamu inayofuata hataweza kujua kipi kimeshuka. Andika na saa. Unakuta faili lina "3" asubuhi na "3" jioni kumbe katikati alipanda 5 akashuka tena, na kushuka ndo habari yenyewe.

Hatua ya 4. Fahamu sio kila kitu, ongeza mengine

Tafiti nyingi zinazoangalia watoto wa uti wa mgongo zinarudi kwenye fahamu. Ule mkubwa wa nchi za Amerika ya Kilatini uliotoka 2008 ulionyesha kiwango cha fahamu siku ya kulazwa kinatabiri kifo na ulemavu kuliko hata kujua ni bakteria gani. Kwahiyo sisi tusio na maabara kubwa hatuko gizani, kitu kinachotabiri zaidi kinapimwa kwa penseli na uso wa mama.

Lakini kuna mtoto anayekaa macho, ananyonya kabisa, na bado yuko hatarini, na huyo Blantyre haimuoni. Hapo ndo naitumia ile hesabu ya hatari ya Herson na Todd. Ilitoka Marekani 1977 kwa watoto wa uti wa mgongo uliosababishwa na bakteria aitwaye Haemophilus influenzae, kwahiyo ichukue kama taa ya pili, sio sheria. Hesabu yake iko hivi: koma kali alama 3, joto la mwili kushuka 2, degedege 2, shoku (damu haizunguki vizuri mwilini) 1, umri chini ya miezi 12 alama 1, chembe nyeupe kwenye maji ya mgongo chini ya 1,000 alama 1, wingi wa damu (himoglobini) chini ya gramu 11 kwa desilita alama 1, sukari ya maji ya mgongo chini ya miligramu 20 kwa desilita kwa vipimo vyao (kwetu ni kama milimoli 1.1 kwa lita) nusu alama, na dalili zilizozidi siku 3 nusu alama. Ikifika 4.5 kwenda juu, mtoto huyo yuko kwenye hatari ya kufa au kubaki na ulemavu.

Watu wananiuliza kwa nini chembe chache ziwe mbaya, si ndo maambukizi madogo? Hapana. Chembe nyeupe ndo askari. Bakteria wamejaa halafu askari wachache maana yake mwili umeshindwa kuwaita.

Chukua mfano wa kutunga. Mtoto wa miezi 8, alipata degedege mara mbili, anaumwa siku ya nne, damu 9.2, maji ya mgongo yana chembe 300 na sukari 0.8, lakini sasa hivi anamfuata mama kwa macho na analia vizuri, Blantyre 5 kamili. Hesabu: degedege 2, umri 1, siku nusu, damu 1, chembe 1, sukari nusu, jumla 6. Blantyre inasema mzima, hii nyingine inasema mkae naye macho usiku kucha, na mimi nitakaa naye.

Hapo kwenye damu kuna jambo la kwetu. Watoto wengi wa huku kandokando ya ziwa damu yao iko chini ya 11 hata kabla hawajaugua uti wa mgongo, malaria na minyoo vimeshawala, na kuna wenye selimundu ambao Kanda ya Ziwa ni wengi. Kwahiyo ile alama 1 ya damu tunaigawa kama pipi. Mimi nahesabu mara mbili, pamoja na damu na bila damu, na kwenye ule mfano bila damu bado ni 5, kwahiyo hatari iko pale pale. Ila mwenye selimundu usimpunguzie kitu, yeye na nyumokoka (bakteria mwingine wa uti wa mgongo) ni maadui wa siku nyingi. Vivo hivo mwenye VVU na mwenye utapiamlo, hawamo kwenye hesabu ya 1977 lakini kwenye kichwa chako lazima wawemo.

Na zile siku za ugonjwa usiulize "ameanza lini" ukaridhika na "juzi". Juzi ya mama aliyechoka inaweza kuwa wiki. Muulize siku aliyoacha kunyonya vizuri, alikuwa wapi, ilikuwa siku ya gulio au siku ya kanisani, wakati ule dagaa walikuwa wameanikwa au giza la mwezi halijaingia bado. Hapo tarehe inakuja yenyewe. Na muulize bila ukali kama alianzia kwa mganga, manake bado wapo wanaoamini degedege sio la hospitali na sindano ndo inaua, ukimkaripia atakuficha siku tatu nzima.

Hatua ya 5. Kutoa maji ya mgongo

Fupi tu. Usitoboe kama mtoto yuko kwenye shoku, kama anapumua kwa shida kubwa, kama mboni hazilingani, au ngozi ya mahali pa kutoboa ina kidonda. Antibiotiki inaendelea, maji utatoa baadaye akitulia. Familia zinaogopa hichi kipimo kuliko kitu chochote, wanasema jirani alitobolewa akapooza au akafa. Waambie ukweli, kwamba wengi wanaofariki baada ya kutobolewa walikuwa wameshazidiwa na ugonjwa wenyewe, na kwamba bila hayo maji tunatibu kwa kubahatisha. Wakikataa, tibu hivyo hivyo siku 10, mtoto asiadhibiwe kwa hofu ya wazazi.

Hatua ya 6. Namba imetoka, sasa unafanya nini

Blantyre 5 na hakuna kingine kibaya: tibu, angalia kila saa 3 kwa siku ya kwanza, kisha kila saa 6. Fahamu, kupumua, mboni.

Blantyre 3 au 4, au 5 yenye Herson na Todd ya 4.5 kwenda juu: kitanda cha karibu na meza ya nesi, sio kile cha kona karibu na dirisha. Angalia kila saa. Sukari kila baada ya saa 4 mpaka atakapoanza kula. Kama uko zahanati au kituo cha afya piga simu ya rufaa sasa, usisubiri ashuke.

Blantyre 2 kushuka, au shoku (mikono ya baridi, ukibonyeza kucha rangi inachukua zaidi ya sekunde 3 kurudi), au degedege lisilokata: huyu anatakiwa hospitali yenye oksijeni ya uhakika, iwe hospitali ya wilaya, au Sekou Toure na Bugando hapa Mwanza mjini. Lakini mtulize kwanza. Nimeona rufaa zinazotolewa kwa haraka ya hofu, mtoto anapakiwa bila dozi, bila glukosi, anafika amekauka. Kwa wenzetu wa upande wa Sengerema na Geita daraja la Kigongo-Busisi lililofunguliwa 2025 limetuondolea ile foleni ya kivuko, ila Ukara na Kome bado ni maji, na ziwa likichafuka boti haitoki. Kwahiyo hesabu yako iwe na hali ya ziwa ndani yake. Alama 4 saa kumi jioni ukiwa kisiwani na upepo unaanza, mimi namsafirisha, ukisubiri aonyeshe 2 itakuwa saa saba usiku na hakuna atakayekuvusha.

Njiani alale ubavu, mama amshike, mtoe mtu mwenye ujuzi aende naye, na karatasi ya rufaa iwe na alama zote na saa zake, uzito, dozi na muda uliochoma. Anayempokea ataanzia pale ulipoishia.

Kuna wanaouliza deksamethasoni, ile dawa ya kupunguza uvimbe. Kule Malawi waliijaribu kwa watoto na majibu yalitoka 2002, haikupunguza vifo wala ulemavu. Usiifanye iwe sababu ya kuchelewesha chochote.

Hatua ya 7. Kuongea na familia

Namba usiwape. Ukimwambia baba "mwanao ana mbili kati ya tano" atasikia mtihani wa shule, amefeli, basi. Waambie kwa maneno, mama sasa hivi mtoto hasikii nikimbonyeza, hicho kinanitisha, tumempa dawa ya bakteria na sukari, nitakuja kumuangalia kila saa na nitakuita uje umuonyeshe uso wako. Mama akijua kwamba uso wake ndo kipimo anakuwa mlinzi wako wa kwanza, ataona macho yamebadilika kabla yako.

Swali la "atapona?" litakuja. Mimi najibu kwamba wapo waliofika na hali kama hii wakapona na wapo waliotutoka, na masaa haya 24 hadi 48 ndo yatatuonyesha. Sisemi zaidi ya hapo. Alama zilitengenezwa kwa kuangalia makundi ya watoto, na huyu aliye mbele yako ni mmoja, hujui ataangukia upande gani. Kwahiyo alama ya chini haiwi kamwe sababu ya kupunguza huduma. Haiwi sababu ya kuchelewa kubadilisha mtungi wa oksijeni, wala ya kuacha dozi ya saa kumi na mbili eti "huyu hata hivyo...". Ukimsikia mwenzako anasema hivo wodini msimamishe pale pale, kwa heshima lakini msimamishe.

Hatua ya 8. Siku ya kutoka

Alama za siku ya kwanza zikusaidie pia siku ya mwisho. Mtoto aliyeingia na koma, aliyekuwa na degedege la kurudia au aliyekutwa na nyumokoka, ndo wa kumfuatilia zaidi, ila masikio ni ya kila mtoto bila kujali aliingia na ngapi. Uti wa mgongo unaondoa usikivu kimya kimya, mama anadhani mtoto amekuwa mkaidi kumbe hasikii. Kabla hajaondoka mwambie mama akae nyuma ya mtoto amuite bila kumgusa, halafu mpangie kipimo cha masikio mwezi mmoja baada ya kutoka. Kama ameacha kukaa au kutembea alichokuwa anaweza, andika, mpeleke mazoezi ya viungo mapema.

Angalia na kadi ya kliniki. Chanjo ya Hib (Haemophilus influenzae aina ya b) iko ndani ya ile ya pentavalenti, ya magonjwa matano, tuliyoanza kutoa Tanzania 2009, na ya nyumokoka imekuwepo tangu 2013, zote wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kama kuna tundu kwenye kadi liandikie tarehe, na uliza wadogo zake nyumbani wana kadi gani. Mama akitaja wengine wawili ambao hawajamaliza, mwandikie kwenye kikaratasi siku ya kliniki ya kwao na namba ya simu ya kituo, na kikaratasi hicho akichomeke ndani ya kadi ya huyu anayetoka leo.